Goti la Tembo na Kofia ya Hondohondo

Katika maduka ya vinyago ya Arusha, na hapa kwetu Moshi vilevile, kuna tembo mmoja ambaye kila mpita njia anamfahamu. Amesimama wima, mkonga ameuinua, mgongo umesuguliwa kwa msasa na kupakwa rangi ya viatu hadi unaakisi taa ya duka, na pembe zake zimechongwa kwa mfupa wa ng'ombe. Yupo mwenye urefu wa kidole na yupo anayefika kiunoni mwa mtu mzima, lakini wote ni yeye yuleyule. Mimi naishi kwa kuchonga, kwa hiyo sina haki ya kumdharau, maana tembo huyo amelipa ada za shule na kodi za vyumba vya mafundi wengi ninaowaheshimu. Ninachotaka kukizungumzia hapa ni mguu wake wa nyuma.

Mara nyingi mguu huo huchongwa ukiwa na kiungo katikati kinachopinda kuelekea nyuma, kwa namna ya mguu wa ng'ombe. Kwa ng'ombe, mbuzi na mbwa, kiungo hicho si goti bali ni kisigino kilichoinuliwa juu ya ardhi, kwa sababu wanyama hao hutembea kwa vidole au kwato. Goti lenyewe limejificha juu, karibu na tumbo. Tembo ameumbwa vingine. Kisigino chake kiko chini, kimeegemea mto mnene wa mafuta unaosaidia kubeba uzito wa mwili, na kwa hiyo kiungo kinachoonekana katikati ya mguu wa nyuma ni goti halisi, nalo hupinda kuelekea mbele, sawasawa na la binadamu. Anayemwona tembo akipiga magoti ya nyuma ili apande ukingo wa mto haisahau picha hiyo, kwa sababu kwa sekunde chache mnyama yule mkubwa hukaa mkao wa mtu anayesali. Tembo wa sokoni hawezi kukaa hivyo hata akijaliwa uhai, kwa kuwa mguu wake hauna goti.

Sababu yake haihitaji uchunguzi mkubwa. Fundi aliyemchonga hakumtazama tembo. Alimtazama tembo wa fundi aliyemfundisha, naye huyo alimtazama wa mwingine, na kila mmoja alinyoosha kidogo hapa na kupunguza kidogo pale ili kazi iende haraka. Wapo wanaohitimisha kutokana na hilo kwamba dawa ni mchongaji kuacha kabisa kutazama kazi za wenzake na kwenda porini kutazama viumbe wenyewe. Hoja hiyo husemwa sana na wageni wanaopita kwenye karakana, na husemwa kwa nia njema, lakini mimi siiafiki. Aliyemtazama tembo peke yake, bila kutazama sanaa, hurudi na habari nyingi za mwili wa tembo na asijue azifanyie nini mbele ya gogo lenye upana wa sentimita 20. Gogo halikubali habari zote. Ni lazima uamue utakachokiacha, na uamuzi wa namna hiyo huwezi kuonyeshwa na tembo. Utaonyeshwa na watu waliowahi kusimama mbele ya gogo kabla yako.

Walionionyesha mimi kwanza ni Wamakonde, kama walivyowaonyesha wachongaji wengi wa nchi hii. Watu wa nyanda za juu za pande mbili za Mto Ruvuma, Newala upande wetu na Mueda upande wa Msumbiji, walichonga vinyago vya ngoma na jando muda mrefu kabla ya kuwapo duka la watalii. Katika karne ya 20 wengi walivuka mto kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge na mijini, na Dar es Salaam baadhi yao wakapata mnunuzi mwenye jicho, mfanyabiashara Mohamed Peera. Ni katika mazingira hayo ambapo miaka ya 1950 Samaki Likankoa alianzisha mtindo unaoitwa shetani: viumbe wenye jicho moja, viungo vilivyorefushwa, tumbo lililotobolewa hadi ukaona upande wa pili. Kuhusu jinsi kinyago cha kwanza cha aina hiyo kilivyopatikana kuna masimulizi ambayo kila anayeyasimulia hutia chumvi yake, na sitaongeza yangu.

Kinachonivuta mimi kwenye shetani wa zamani ni kwamba ukiwazunguka taratibu utaona nusu ya uamuzi ulifanywa na mti. Mpingo ni nadra kukua ukiwa umenyooka. Shina lake huwa na mifereji, mafundo, mashimo na mikunjo, na mara nyingi kiini kimeoza au kimepasuka kabla hata haujakatwa. Mchongaji aliyetaka binadamu aliyesimama sawasawa angetupa nusu ya gogo. Aliyekubali kwamba bega litaelekea kule tawi lilikoelekea, na kwamba pengo la asili litakuwa mdomo au tumbo, alipata kinyago kisichofanana na kingine chochote. Mtindo wa ujamaa nao, ule wa watu waliopandana na kushikana kutoka chini hadi juu, una nidhamu yake: hata baada ya sura na mikono yote kuchimbwa, bado unaliona umbo la gogo lililokuwapo. Huo ni utazamaji wa maumbile, ingawa hauhusu mnyama yeyote. Unahusu mti.

Na mti wenyewe unastahili aya zake. Mpingo huchukua kati ya miaka 70 na 100 kufikia unene wa kufaa kwa mbao, na mita moja ya ujazo ya kiini chake huweza kuzidi kilo 1,200, kwa hiyo ukikitupa majini kinazama. Kiini ni cheusi chenye wekundu wa zambarau kwa mbali. Chini ya gome kuna tabaka jembamba la rangi ya krimu ambalo wachongaji wengi hulitoa lote, kwa sababu mnunuzi analipa weusi na kwa sababu wadudu hulipenda. Ukaukaji wake ni wa polepole mno. Gogo likiachwa juani hupasuka kutoka kwenye vichwa, na ndiyo maana tunaziba vichwa hivyo kwa nta na kulitunza gogo kivulini. Vumbi lake huwasha pua na macho, na kijana anayechonga bila kujifunika pua kwa kitambaa hulijua hilo siku hiyohiyo. Wanamuziki wa Ulaya na Marekani wanaupenda mti huu kuliko hata sisi, kwa kuwa ndio unaotengenezewa klarineti na oboe, na tangu Januari 2017 biashara yake ya kimataifa iko chini ya masharti ya CITES, mkataba wa mataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama wa porini walio hatarini.

Huwezi kuandika habari za mpingo ukiwa Moshi bila kumtaja hayati Sebastian Chuwa, mwana wa Kibosho. Alikuwa mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi ya uhifadhi Ngorongoro kwa miaka mingi, na mwaka 1996 alianzisha mradi wa kuotesha mpingo pamoja na James Harris, fundi wa kukereza mbao kutoka Texas. Alipita shule kwa shule akiwafundisha watoto kuotesha mbegu ambazo wengi waliamini haziwezi kuoteshwa kwenye kitalu. Aliyeotesha mpingo miaka ya 1990 hakuotesha kwa ajili yake; miche ile bado haijafika umri wa kuguswa na tezo. Mimi nachonga miti iliyoota kabla ya babu yangu kuoa, na jambo hilo hunifanya niwe mzito wa mkono kila ninapoanza gogo jipya. Sioni vibaya kuwa mzito.

Sasa nije kwa hondohondo, ambaye ndiye aliyenifanya niandike haya yote. Hapa nina maana ya yule ndege mkubwa mweusi wa misitu na vihamba vya juu, yaani mashamba ya migomba ya Wachaga, mwenye mashavu yaliyopauka na kofia kubwa ya rangi ya krimu juu ya mdomo. Watu wa mitaa ya pembezoni mwa Arusha na wa miteremko ya Kilimanjaro humsikia kabla ya kumwona, kwa sababu mabawa yake hutoa mvumo mzito anaporuka kutoka mti hadi mti kutafuta matunda, hasa ya mikuyu. Wakati wa kuatamia, jike huingia katika tundu la mti na mlango ukazibwa kwa udongo, ukaachwa ufa mwembamba tu. Dume humlisha kupitia ufa huo kwa matunda aliyoyabeba kooni. Kofia kubwa ni ya dume. Ya jike ni ndogo.

Kwa mchongaji wa mpingo ndege huyu ni mwaliko. Mwili wake ni mweusi wa kung'aa, kofia ni ya krimu, na gogo la mpingo lina rangi hizohizo mbili, kiini na lile tabaka la nje tunalolitupa. Mungu akupe nini tena? Lakini mwaliko huo una masharti. Tabaka la krimu ni jembamba na liko pembeni mwa gogo tu, kwa hiyo kofia haiwezi kukaa popote unapotaka. Kichwa ni lazima kigeuzwe hadi mdomo ulale sambamba na ukingo wa gogo, na ndege mzima ajikunje kufuata kichwa. Hapo ndipo nidhamu ya ujamaa iliponisaidia, kwa kuwa nilikuwa nimezoea kufikiri ndani ya gogo badala ya kufikiri juu ya karatasi na kisha kulilazimisha gogo lifuate. Ndege akageuza shingo, akaegemeza mdomo begani kwa namna ambayo hondohondo hufanya kweli anapojisafisha manyoya, na tabaka la krimu likaja juu palepale lilipohitajika.

Tatizo la pili lilikuwa gumu zaidi, nalo ni uzito. Kofia ya hondohondo huonekana nzito sana, lakini ndani yake sehemu kubwa ni uwazi ulioshikiliwa na vijiti vyembamba vya mfupa. Ingekuwa imejaa, ndege asingeweza kuinua kichwa. Mtu anayemtazama ndege aliye hai analihisi hilo hata kama hajawahi kusoma popote, kwa sababu kichwa chenye kofia kubwa kiasi kile hugeuka haraka na kwa wepesi. Katika mti unaozama majini, kofia ile ilionekana ni mzigo. Ndege wangu alikuwa sahihi kwa vipimo vyote na bado alionekana amechoka. Wanasema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakiwezi kukutisha. Hiki kilinitisha, hasa nilipokumbuka bei ya gogo.

Njia ya kwanza niliyoifikiria niliipata kwa Constantin Brancusi, mchongaji aliyezaliwa Romania mwaka 1876 na kufanya kazi zake Paris hadi alipofariki mwaka 1957. Yeye alimshughulikia ndege kwa miongo kadhaa, akimpunguza sehemu moja baada ya nyingine: manyoya yakaondoka, miguu ikaondoka, mabawa yakaondoka, hadi mwaka 1923 alipoanza kutoa mfululizo wa maumbo marefu, membamba, yanayoinuka tu. Moja kati ya hayo, la shaba iliyosuguliwa, lilipofika New York mwaka 1926, maofisa wa forodha walikataa kwamba ni sanaa. Sanaa haikutozwa ushuru. Wao wakaliweka katika kundi la vyombo vya jikoni na vifaa vya hospitali, wakadai asilimia 40 ya thamani yake. Kesi ilikwenda mahakamani, mashahidi wakaulizwa kama wangelipiga risasi umbo lile wakiliona msituni, na mwaka 1928 mahakama ikaamua kwamba ni kazi ya sanaa ingawa halifanani na ndege. Nawahurumia kidogo wale maofisa. Wateja wangu wengi wangekuwa upande wao.

Kwa Brancusi nilijifunza kwamba wepesi hupatikana kwa kuacha. Lakini nilipochora hondohondo asiye na kofia, au mwenye kofia iliyoyeyuka ndani ya mstari wa kichwa, nilibaki na ndege ambaye angeweza kuwa yeyote. Brancusi alikuwa akitafuta mruko, na mruko ni wa ndege wote. Mimi nilikuwa namtafuta jirani fulani, na kofia ndiyo sura yake.

Jibu lilitoka kwenye fuvu, na kwenye fuvu nilipelekwa na mchongaji mwingine. Henry Moore, Mwingereza aliyeishi kuanzia 1898 hadi 1986, alijaza karakana yake ya Perry Green kwa mifupa, mawe ya mtoni na magome, akavigeuzageuza mkononi na kuvitolea maumbo ya sanamu zake. Mwanabiolojia Julian Huxley na mkewe Juliette walimpa fuvu la tembo, na kati ya mwaka 1969 na 1970 alilichora kwa tindikali juu ya bamba za shaba mara nyingi, kila mara akiingia zaidi ndani ya mashimo yake hadi picha zikawa na mapango, nguzo na njia za chini ya ardhi. Niliziona picha hizo zilizochapwa kitabuni na nikajiuliza yule mtu anaona nini ndani ya mfupa.

Hapa kwetu huwezi kuweka fuvu la tembo kwenye karakana. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inahesabu mfupa, pembe, ngozi na hata manyoya ya mnyamapori kuwa nyara za serikali, na anayekutwa navyo bila kibali anaweza kufungwa, awe mchongaji au awe jangili. Naiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote, ingawa ina kichekesho chake: Mwingereza alikuwa na fuvu la tembo nyumbani, na mimi ninayeishi chini ya Kilimanjaro inabidi nivae shati safi na kwenda kuomba kulitazama. Mahali pa kuomba pako, namshukuru Mungu. Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori cha Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963 hapo juu yetu, kina makusanyo ya kufundishia, na Arusha kuna Makumbusho ya Elimu Viumbe ndani ya boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1900. Mchongaji yeyote wa kaskazini ambaye hajawahi kuingia mojawapo ya sehemu hizo na daftari anajinyima.

Fuvu la tembo kwa nje ni jiwe. Ukilitazama mahali palipomeguka, utaona kwamba lile paji kubwa ni vyumba vitupu vilivyotenganishwa na kuta nyembamba, kama sega la nyuki, na ndivyo linavyoweza kuwa kubwa kiasi cha kushika misuli ya shingo na mkonga bila kumwangusha mwenyewe. Wenye akili za haraka wameshaona ninakokwenda. Tembo na hondohondo wana siri moja, ukubwa uliojengwa kwa uwazi, na Moore asingekuwa ameingia kwenye yale mapango kwa sindano yake, mimi ningelipita fuvu lile nikitazama meno.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya mkono. Nilitoboa kofia ya hondohondo upande mmoja, kwa patasi nyembamba na baadaye kwa tupa ndogo ya mviringo, nikiacha kuta na vijiti vya krimu ambavyo nyuma yake unaona giza la kiini. Upande wa pili nimeuacha mzima. Anayemzunguka ndege huyo hukutana kwanza na kichwa kizito, kisha akifika upande wa pili uzito wote huondoka. Kutoboa kwenyewe sikukubuni. Shetani wa Wamakonde walitobolewa matumbo zamani, na huko Uingereza Barbara Hepworth alitoboa umbo lake la kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mahali pa kutoboa ndipo nilipopewa na mfupa.

Rafiki yangu mmoja, mchoraji, haipendi orodha hii ya majina ya Ulaya. Anauliza kwa nini mchongaji wa Moshi amtaje Brancusi wakati ana Samaki Likankoa. Swali lake ni la haki, lakini linasahau njia iliyotumika. Mchoraji Pablo Picasso aliingia kwenye makumbusho ya Trocadéro, Paris, mwaka 1907 akakutana na vinyago vya Afrika, na Brancusi naye alivitazama vinyago vya bara hili kwa makini katika miaka hiyohiyo; Moore alivichora katika Makumbusho ya Uingereza akiwa mwanafunzi. Walichukua bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Mimi nikichukua kwao, nachukua kitu ambacho baadhi yake kilitoka kwetu, na zaidi ya hapo nachukua kwa sababu kinafanya kazi kwenye gogo. Rafiki yangu hajaridhika, nasi tunaendelea kunywa chai.

Vijana wawili wanaojifunza kwangu hawaruhusiwi kushika tezo hadi wajaze daftari. Nusu ya daftari ni viumbe hai, kuku wa jirani wakiwamo, kwa sababu kuku ana goti lililojificha na kisigino kilichoinuliwa na hahitaji kiingilio cha hifadhi. Nusu ya pili ni vinyago vya watu wengine, vizuri na vibaya, vikichorwa kutoka pande zote. Mmoja wao anachora wanyama vizuri mno na hawezi kuchora kinyago. Mwingine ni kinyume chake. Nimewaketisha benchi moja.

Kwa sasa nina gogo la mringaringa mezani. Ni mti wa vihamba vyetu, laini kuliko mpingo, wa rangi ya kahawia, ambao wazee walichongea mizinga ya nyuki. Nachonga mkono wa mbega ukining'inia kwenye tawi. Mbega hana kidole gumba cha kueleweka, ana kinundu tu, na vidole vinne virefu vilivyobaki hushika tawi kwa kunasa. Mteja aliyeagiza kazi hiyo alipita juzi, akaitazama, akahesabu.

"Fundi, kidole kimoja hakipo. Umekivunja?"

Nikamweleza. Akatikisa kichwa kwa adabu, akasema hata hivyo ingependeza kiongezwe, maana wageni sebuleni watauliza. Nimemwomba kwanza apande gari, ashukie Usa River, aingie Hifadhi ya Taifa ya Arusha ambako mbega ni wengi, awatazame mikono, kisha anipigie simu. Bado hajapiga, na malipo ya awali ameshatoa, kwa hiyo naendelea na vidole vinne.